Keja Karagita: Usilipe Kabla Ujue Maji Inatoka Wapi

Ukishuka steji ya Karagita hapa Moi South Lake Road, msee wa kwanza kukusalimia atakuuliza ka unatafuta wera ama keja. Mara mob inakuwanga zote mbili. Mtu anatoka Kakamega, Siaya, Kisii, Nyandarua ama Turkana na begi moja, ameskia kuna famu inaandika, na kabla wiki iishe anataka mlango wa kufunga usiku. Mimi ni wa huu mtaa, na kitu naona kila mwaka ni hii: renti ile unatajiwa na keateka siyo renti ile utalipa. Ile ya ukweli iko kwa maji, iko kwa tokeni, iko kwa nduthi ya kukurudisha usiku, iko pia kwa venye mwenye ploti atakuchukulia ile mwezi doo imechelewa. Vijana wanafika hapa na mshahara wa kwanza na nusu yake inaenda kabla wajue hata jina ya jirani. Inaniuma, ju ingeepukika.

Maua ndo yalijenga huku. Mwisho wa miaka ya sitini kampuni ya Kidenmaki, DCK, ilianza kulima maua kando ya Ziwa Naivasha, na mpaka leo kuna mtaa mbele huko South Lake watu wanauita DCK hata ka kampuni yenyewe ilienda kitambo. Baadaye marosi yakashika, ndege zikawa zinabeba maua usiku hadi mnada wa Aalsmeer kule Uholanzi, famu zikajaa pande zote za ziwa. Zingine zikajengea wafanyikazi nyumba ndani ya shamba. Zingine zikaona afadhali mtu apewe alawansi ya nyumba ajitafutie. Wenye vishamba vya Karagita wakaelewa hiyo mchezo mapema: badala ya mahindi, unapanda vyumba. Vyumba kumi laini hii, kumi laini ile, milango inaangaliana, choo na bafu kwa kona, tenki moja juu. Sensa ya 2019 ilipata mji wa Naivasha uko na karibu watu laki mbili. Simama barabarani mangware, saa kumi na moja hivi, uone mabasi ya famu yakibeba rende. Karibu wote hao wamelala kwa keja ya kupanga.

Sasa, hiyo alawansi ya nyumba si zawadi ya mdosi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mwajiri akupe mahali pa kuishi panapofaa, ama akuongeze doo ya kutosha renti juu ya mshahara wako. Kwa hivyo kabla utafute keja, soma kontrakti. Ka alawansi imeandikwa pale, hiyo ndo rula yako ya kwanza. Ka imechanganywa ndani ya mshahara, iandikwe hivyo wazi ujue. Kuna mafala wananunua simu na hiyo alawansi ya nyumba mwezi wa kwanza, alafu mwezi wa pili wanaanza kucheza kalongo na keateka. Usianze maisha hivyo.

Keja za hapa zinafuata kalenda ya maua. Kuanzia Desemba famu zinajipanga kwa Valentine, wasee wa kontrakti fupi wanaitwa, ovataim inajaa, na singo yenye maji inachukuliwa kabla rangi ikauke. Ukitafuta wakati huo, landlodi hana haja na stori yako, ako na watu watatu nyuma yako. Lakini katikati ya mwaka, Juni kwenda Agosti, Ulaya ni kiangazi, wako na maua yao wenyewe, oda zinapungua. Kontrakti fupi zinaisha, watu wanarudi ocha, milango inabaki na kufuli. Hapo ndo unabonga bei. Hapo ndo unaweza kuambia mwenye ploti akupakie rangi, abadilishe kufuli, ama dipo ailipishe kwa miezi mbili badala ya mara moja. Waliokuwa hapa Machi 2020 wanakumbuka venye ilikuwa: Korona ilifunga soko la Ulaya, famu zikatuma watu nyumbani, na ploti nzima zikabaki na taa moja. Hatuombi hiyo irudi. Nasema tu bei ya keja hapa inapumua na maua, na ukijua mwezi wa kuhama utabakisha doo.

Wiki moja ya kukaa mbali ni ya Safari Rally. Tangu mbio za dunia zirudi Kenya 2021, Naivasha ndo kituo, kwanza ilikuwa Juni, na kutoka 2024 ikaletwa Machi. Wasee wanatoka Nairobi na madundo, kila chumba chenye kitanda kinauzwa kwa usiku, na mwenye bedsita tupu anaona heri aingoje rali kuliko akupe wewe mwezi mzima. Usihame wiki hiyo. Subiri vumbi litulie.

Kutafuta keja Karagita bado ni kazi ya miguu. Jumapili ndo siku, ju wengi wako off na utapata majirani kwa mlango wakifua. Mama mboga anajua nani anahama mwisho wa mwezi. Boy wa mkokoteni anajua zaidi, ju yeye ndo ataitwa kubeba godoro na meko. Mwenye duka anajua ploti gani watu hukaa miaka na gani watu huhama kila baada ya miezi mbili, na hiyo ya pili jiulize ni nini inawatoa. Siku hizi kuna pia vidio za TikTok na magrupu za Facebook, mtu anakuonyesha taili zinameta na kibao cha bei. Fiti, angalia. Lakini ukiambiwa utume doo ya "kuonyeshwa keja" kabla mkutane, ama utume dipo ju "kuna mwingine anakuja saa hii", wachana nayo. Hiyo mbio ndo dawa yao ya kukumaliza. Pesa inatoka ukiwa umesimama ndani ya chumba, umefungua mlango na ufunguo mwenyewe, na umeongea na angalau jirani mmoja akakuambia huyu unayemlipa kweli ndo hulipwa na wao. Ajenti akikataa uongee na jirani, rudi steji.

Aina ni kadhaa. Kuna singo ya mabati, kuna singo ya mawe, kuna bedsita yenye choo ndani na kasinki kadogo ka jikoni, alafu wan bedroom za wale wameomoka ama wameoana. Watu wa kutoka joto husahau kuwa Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Julai usiku baridi inang'ata. Singo ya mabati bila siling inakuwa friji usiku na jiko mchana, na ka uko kwa shifti ya kulala mchana, hutalala. Ile doo uliokoa kwa renti itaenda kwa makaa na kwa blanketi la pili. Sisemi usichukue mabati, wengi tumelelewa humo. Nasema ingia ndani saa saba mchana, kaa dakika kumi, alafu urudi jioni jua likishashuka. Chumba kitajieleza.

Sasa tupige hesabu, ju hapa ndo watu hupotelea. Chukua mfano tu, bei za ukweli utauliza mwenyewe. Singo ya kwanza ni 2,500, iko ndani kabisa, mbali na lami, haina maji. Ukinunua mitungi minne kwa siku, ashu moja kwa mtungi, hiyo ni 40 kwa siku, 1,200 kwa mwezi. Jioni ovataim ikichelewa, nduthi ya finje kutoka barabarani hadi geti, siku 26 za wera, ni 1,300. Jumla imefika 5,000. Singo ya pili ni 3,800, iko karibu na steji, maji iko ndani ya renti. Hiyo ya "ghali" imekuachia thao moja na soo mbili kila mwezi, na usingizi juu. Kwa mwaka ni 14,400. Hiyo ni mashine ya kufua ya dem anayetaka kuanza biashara, ni karo ya kozi fupi, ni mbuzi za mathe huko shagz. Na bado hatujagusa stima.

Stima uliza hivi: mita ni yangu ama ni ya ploti? Ka ni yako, unanunua tokeni zako na ukiishiwa ni wewe na simu yako. Ka ni moja ya laini yote, uliza nani ananunua, mnagawa aje, na nani amewahi kuchomeka na koili ya kuchemsha maji usiku. Kuna ploti keateka anapita kila wiki kuchukua doo ya stima kutoka kila mlango bila kuonyesha mtu risiti ya tokeni. Majirani wakikubali, inakuwa desturi. Ka kuna mita ndogo kwa kila chumba, muulize anauza yuniti kwa bei gani, alafu ulinganishe na ile jirani mwenye mita yake analipa. Hilo ni swali la adabu kabisa, na mtu mwaminifu atakujibu bila kukunja uso.

Maji nayo nataka tuikalie kidogo, ju ni afya ya watoto. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na maji mengi ya chini ya ardhi pande za Naivasha na Nakuru iko na floridi nyingi kuliko inavyofaa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya huku vinapita hapo. Umeona wasee waliozaliwa huku wakiwa na meno ya rangi ya kahawia? Si uchafu, na si eti hawapigi mswaki. Ni maji waliyokunywa wakiwa watoi, meno yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya ufizi. Ukiwa umekuja na meno yako yote mtu mzima, rangi haitabadilika hivyo, lakini ukipata mtoi hapa, yeye ndo atabeba. Na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia hadi kwa mifupa.

Kitu wengi hawajui: kuchemsha haitoi floridi. Kuchemsha kunaua viini vya kipindupindu na taifodi, hiyo ni poa, endelea. Lakini floridi inabaki, na maji ikipungua kwa sufuria, iliyobaki inakuwa nzito zaidi. Klorini pia haiitoi. Kinachoitoa ni kuchuja kwa njia maalum, ka ile ya makaa ya mifupa ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanyia kazi kwa miaka mingi. Maji ya mvua kutoka paa safi haina hiyo shida. So ukifika kwa ploti usiulize tu "kuna maji?" Muulize mwenyewe, na umuheshimu: "Shosh, hii ya tenki inatoka wapi? Ni ya kampuni ya maji, ni ya kisima, ama mnaletewa na bowza?" Ka ni ya kisima, hiyo ni ya kufua, kuosha vyombo na kuoga. Ya kunywa na ya kupika uji wa mtoi nunua kwa kioski kinachouza iliyochujwa, ama weka drumu ya mvua. Weka hiyo gharama kwa hesabu yako kutoka siku ya kwanza. Renti ya chini kwa ploti ya kisima bila maji ya kunywa haijawa ya chini bado.

Alafu kuna ziwa lenyewe. Ziwa Naivasha linapanda na kushuka, halijawahi kuahidi mtu kitu. 2020 lilipanda hadi likaingia Kihoto, watu wakahama na magodoro kichwani. Mwisho wa 2025 likarudi tena Kihoto, na familia zikatolewa kwa nyumba na maboti, nyumba za mawe zenye watu walikuwa wamelipa renti ya mwezi huo. Keja za pande za chini zinaweza kuwa na bei tamu sana kiangazi. Kabla uingie, tafuta mzee wa hapo umuulize maji ilifika wapi ile miaka. Atakuonyesha alama kwa ukuta ama kwa mti. Ka alama iko juu ya dirisha lako, acha hiyo keja hata ka wanakupa mwezi wa kwanza bure. Maji ikiingia, choo za shimo zinajaa, kila kitu kinachanganyika, na kurudishiwa dipo hapo ni hadithi. Na usiku usikate njia ya mkato kuelekea bichi. Viboko hutoka ziwani giza likiingia kutafuta nyasi, na wameua watu kandokando ya hili ziwa. Hawapigi honi.

Kwa madem nitasema wazi. Choo ya nje bila taa ni bei nyingine ambayo hamjaandikiwa. Msimu wa Valentine pakihausi zinaweza kuachilia watu usiku, basi linawashusha barabarani, na kutoka hapo hadi ploti ni vichochoro. Uliza geti inafungwa saa ngapi na ka kila mpangaji ana ufunguo. Kuna ploti geti ikishafungwa saa nne, aliyechelewa anabembeleza keateka, na hapo dharau huanza. Mpangaji anayelipa hafai kubembeleza mtu aingie kwake. Tembea hiyo njia usiku na beste yako kabla ulipe. Ka hujaskia vizuri kwa roho, usichukue, na usikubali mtu akuambie unaogopa bure. Ka mnaweza, wawili ama watatu mchange bedsita ya choo ndani. Andikianeni tu nani analipa nini na nani anabaki mmoja akihama, ju urafiki mob umevunjwa na renti ya mwezi moja.

Kuna swali lingine huulizwa kwa sauti ya chini, na hili sitalipita. "Wewe ni wa wapi?" Mara ni salamu tu. Mara ni mtu anapima kabila kabla akuonyeshe chumba. Naivasha tunajua hiyo njia inaelekea wapi. Januari 2008 watu waliuawa hapa mjini, wengine wakachomewa ndani ya nyumba, na wafanyikazi wa maua wakatolewa kwa keja walizokuwa wakilipa vizuri kwa sababu ya jina la pili. Watoto waliozaliwa mwaka huo sai wameanza kuchukua kitambulisho, wanatafuta singo zao. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza mtu yeyote kumbagua mwenzake kwa kabila, na haijasema ni serikali peke yake. Kifungu cha 43 kinasema makao yanayofaa ni haki. Landlodi akikuuliza kabila ili akunyime, amevunja sheria. Na ka wewe ni mpangaji na unaona jirani akikataliwa hivyo, ongea. Kimya cha wakati huo kilitugharimu.

Tukifika hapo kwa sheria, wasee wengi hudhani sheria ni ya matajiri wa Milimani. Si hivyo. Ka unalipa kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka uhame anafaa akupe notisi ya mwezi mmoja, na wewe ukitaka kutoka umpe pia, hiyo iko kwa Sheria ya Ardhi ya 2012. Kuna sheria ya zamani ya kudhibiti renti, Sura ya 296, inayolinda nyumba za kuishi za hadi 2,500 kwa mwezi. Hiyo kiwango haijasongeshwa kwa miongo, ndo maana inashika singo za chini tu, lakini ka yako iko hapo ndani, kupandishiwa renti kiholela na kufukuzwa bila utaratibu unaweza kupeleka kwa mahakama ya renti. Renti yako ikiwa juu ya hapo, bado kuna korti.

Na hii iingie akilini: kufunga mlango wako na kufuli lake, kung'oa mlango, kutoa mabati ya paa, kukata maji ndo uhame, hiyo yote si haki ya landlodi hata ka unadaiwa. Mwenye deni anadaiwa kwa njia ya sheria. Ka anataka kushika vitu vyako kwa sababu ya renti, anatumia dalali mwenye leseni, si keateka na maboi wawili wa steji. Ikitokea, piga picha, ita majirani, nenda polisi uandikishe OB, alafu chifu. Usipigane. Msee akipigana anageuka yeye ndo kesi. Lakini pia tuambiane ukweli: ukijua utachelewa, mwambie mwenye nyumba mapema, tarehe moja, si tarehe kumi na mbili ukiwa umezima simu. Wengi wa hawa wenye ploti ni mathe na wazee waliojenga kwa pesa ya chama na mkopo wa sako, na wanalipa pia. Anayekuja kwao na heshima hupewa muda.

Dipo ndo hupotea sana. Siku ya kuingia, piga vidio ya chumba chote: ukuta, kioo, kufuli, sinki, soketi. Mtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ndo ikae na tarehe. Lipa kwa Mpesa ama benki kwa jina la mwenyewe, usilipe kwa mkono wa keateka bila risiti, ju akifutwa kesho unaanza upya. Iandikwe dipo ni ngapi na inarudi baada ya siku ngapi. Karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili na namba za kitambulisho ina nguvu kuliko maneno matamu. Akikataa kurudisha bila sababu, kuna Korti ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi milioni moja. Haikulazimishi kuwa na wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Dipo ya thao tatu inaonekana ndogo hadi uwe huna ya kuingilia keja inayofuata.

Ukiskia mwenye ploti akisema anapandisha ju ya KRA, jua hesabu yake. Kutoka Januari 2024 kodi ya mapato ya nyumba za kupanga ni asilimia 7.5 ya renti anayokusanya, na inaanza kwa anayepata zaidi ya 288,000 kwa mwaka, yaani 24,000 kwa mwezi. Kwa singo ya 3,000 hiyo ni 225. Ka amekuongezea soo tano akitaja KRA, unaweza kumuuliza kwa heshima hiyo nyingine ni ya nini.

225 nyingine unaitoa wewe. Tangu Machi 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu inakata asilimia 1.5 ya mshahara wako wote, na mwajiri anaongeza hiyo hiyo. Mtu wa grinihausi anayeandikiwa 15,000 anatoa 225 kila mwezi, famu inatoa 225, jumla 450 kwa kichwa kimoja. Zidisha na mabasi yote yanayopita Karagita mangware. Sheria hiyo hiyo inasema kuna nyumba za jamii za wale wanapata chini ya 20,000 kwa mwezi, na hao ndo sisi, ndo jirani zetu, ndo wale wanafunga maua ya Valentine hadi vidole vinakufa ganzi. Mtu hawezi kuchangia nyumba kwa miaka na hajawahi kuulizwa anataka ijengwe wapi.

So nawaomba, vijana wa Karagita, Kamere, Kasarani, DCK na Kihoto. Toa peislipu yako ya mwezi huu, tafuta hiyo laini ya levi ya nyumba, isome. Bajeti ya kaunti ikija kujadiliwa, mwakilishi wa wadi akiita mkutano, ama mbunge akija kuomba kura za 2027, enda nayo mkononi. Muulize nyumba za wafanyikazi wa maua zitajengwa wapi, renti yake itakuwa ngapi, na maji yake itatoka wapi. Usikae chini kabla ajibu.